Orodha Mbili Nilizozifuta

Zuhura mwanangu,

Nakuandikia saa tisa alasiri. Wewe uko Sudi kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko kwa fundi cherehani wanagombania zipu ya begi lako. Fundi anasema zipu haifai. Baba yako anasema zipu inafaa, ila fundi ndiye hafai. Nimewaacha. Nyumba imetulia, kompyuta nimeifunga, nimechukua kalamu, maana nikikuandikia kwenye simu utasoma mstari wa kwanza, utanirudishia kidole gumba, basi.

Habari za kuchemsha maji, sweta na chandarua sitazigusa. Hayo baba yako ameshakwambia mara nne, na ya tano utaisikia kesho stendi mbele za watu. Mimi nataka kukuandikia jambo unalolijua nusu. Ile nusu nyingine nimeona haya kuisema tukitazamana.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii nimekaa masijala, napokea barua, nazigonga muhuri, nazipa namba, nazitia kwenye majalada yake. Watu hudhani ni kazi ya kusinzia. Mimi naipenda. Karatasi ikikaa mahali pake nasikia raha ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kutafuta barua siku mbili. Ndiyo maana uliponionyesha kamusi elezo ya mtandaoni, hiyo ya Kiswahili ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kurekebisha, nilinasa. Ulikuwa kidato cha pili, ulitaka nikusaidie kazi ya shule kuhusu mkonge. Wewe ulimaliza kazi yako ukaenda kucheza. Mimi sikutoka tena humo.

Nilianza kwa kurekebisha tahajia za watu. Kisha nikaandika kurasa zangu mwenyewe: Kilwa Kivinje, mto Lukuledi, ming'oko, vile viazi mwitu vya huku kwetu. Baada ya miaka miwili wenzangu wa humo, watu ambao sijaonana nao kwa macho, mmoja wa Unguja, mmoja wa Nairobi, mmoja wa Bukavu, wakanipigia kura niwe mkabidhi. Mkabidhi ni yule aliyepewa ufunguo wa kufuta ukurasa. Nikajulikana humo kwa jina la Bi Masijala. Siku ile baba yako alichinja kuku. Akamwita jirani ukutani, akamwambia, "Unajua mke wangu sasa anaweza kuifuta Ufaransa?"

Jirani akafikiri kidogo. "Basi mwambie asiwe na hasira."

Laiti ningemsikiliza jirani.

Sheria zenyewe si ngumu. Jambo likitaka kuingia kwenye kamusi elezo, sharti watu wengine wawe wamekwisha kuliandika mahali pa kuaminika, watu wasio na faida nalo: kitabu, gazeti, utafiti wa mtu. Hicho ndicho tunakiita chanzo. Mlima una chanzo, mto una chanzo. Taabu inaanza kwenye orodha, na taabu kubwa kuliko zote ni orodha za gemu. Sijui vijana wa gemu wana nini na orodha. Mmoja alileta orodha ya silaha zote za gemu moja, mpaka kisu cha kukatia kamba. Mwingine alileta orodha ya viatu vinavyovaliwa na wachezaji wa gemu la mpira, rangi kwa rangi. Tukabishana juu ya viatu vile wiki nzima. Wa Unguja alitaka vifutwe na aliyevileta aonywe. Wa Bukavu alitaka vibaki; yeye hutaka kila kitu kibaki, husema mtandao haujai. Wa Nairobi akasema kama kuna gazeti lililoandika habari za viatu hivyo, vibaki. Kama hakuna, viondoke. Alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuionea utamu kazi ya kufuta, na mtu akishaionea utamu hasubiri gazeti.

Ndipo ikaja orodha ya Pedi Mbili.

Huyo mwandishi alijiita hivyo, Pedi Mbili, kwa vile vidude vya mkononi vya kuchezea gemu. Orodha yake aliiita "Orodha ya mabanda ya gemu ya Lindi na Mingoyo, na washindi wake." Nikaifungua ofisini nikinywa chai. Mstari wa kwanza ulisema: "Banda la Stendi: runinga tatu, pedi sita, moja inavuta kushoto." Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Wa pili ulisema: "Banda la Kwa Fundi Redio: lilifungwa baada ya ng'ombe kuingia." Nikaona sina haja ya kuendelea. Nikaipeleka kwenye ukurasa wa majadiliano na nikaandika maneno haya, nayakumbuka yote kwa sababu tangu hapo nimeyasoma mara nyingi kuliko jina langu:

"Ifutwe. Hakuna chanzo hata kimoja. Hii ni kamusi elezo, si mahali pa watoro wa shule kujisifia. Ndugu Pedi Mbili, rudi darasani."

Wa Unguja akaniunga mkono. Wengine wakanyamaza. Pedi Mbili akajibu mstari mmoja tu: "Nimeelewa, mkubwa. Samahani kwa usumbufu." Siku saba za majadiliano zikapita, nikabonyeza kitufe, orodha ikaondoka. Nikaenda nyumbani kukaanga samaki.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo. Ilikuwa mwaka jana, ulikuwa umemaliza kidato cha sita unasubiri matokeo. Nikawasimulia mezani kama kichekesho, habari za ng'ombe na pedi inayovuta kushoto. Baba yako akacheka. Wewe ukaacha kula.

"Mama, uliisoma mpaka chini?"

"Niliona ya kutosha."

"Nauliza, uliisoma mpaka chini?"

"Zuhura, mimi ni mkabidhi."

"Sijakuuliza hilo, mama."

Ukanawa mikono ukaingia ndani. Baba yako akanitazama, akaongeza wali, akasema samaki amekolea chumvi vizuri. Baba yako akiona hatari husifu chakula.

Mwenye ufunguo anaweza kuona hata kilichofutwa. Kesho yake, kabla sijapokea barua ya kwanza, nikaifungua ile orodha na nikaisoma yote, pole pole, kama ninavyosoma barua ya mkuu. Ilikuwa ndefu. Na ilikuwa imeandikwa kwa adabu, Zuhura. Kila banda na mtaa wake, kila kombe na majina ya walioingia fainali, na mahali mwandishi asipokuwa na hakika aliandika "sina hakika." Watu wangapi wanaoandika vitabu huandika "sina hakika"? Karibu na mwisho nikakuta hili:

"Banda la Bi Somoe, Mingoyo. Kombe la Idi, mara mbili mfululizo: Zuhura wa Masijala. Msichana pekee aliyeshiriki. Fainali ya pili hakufungwa hata goli moja."

Sitakudanganya. Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa hasira, tena hasira juu yako. Ile miaka miwili uliyokaa kwa mama yako mdogo Mingoyo, kidato cha tatu na cha nne, nilimpa mama yako mdogo sharti moja tu: huyu mtoto asikanyage banda la gemu. Kila likizo nilikuimbia wimbo huo huo, gemu ni wizi wa akili, gemu ni kazi ya wasio na kazi. Kumbe muda wote huo nalisha bingwa. Mpaka saa sita nilikuwa nimefura, nikagonga muhuri barua tatu juu chini.

Baada ya chakula cha mchana hasira ikaisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Nikakumbuka Idi moja uliyorudi nyumbani ukiimba bafuni. Nilikuuliza una furaha ya nini, ukasema "basi tu, mama." Nilifurahi kwamba una furaha, nikaendelea na pilau yangu. Mtoto wangu alishinda kombe na akarudi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kumwambia. Hilo nililifanya mimi, si mama yako mdogo wala shule. Nisamehe. Nilisema siku ile kwa mdomo, lakini kwa mdomo nilisema haraka haraka, kama mtu anayelipua kazi. Sasa nasema taratibu.

Jioni ile nilikuuliza, "Pedi Mbili ni wewe?"

"Siyo mimi. Ni Bi Somoe mwenyewe, mwenye banda. Rika lako, mama. Ana wajukuu wawili."

Nilikuwa nimemwambia bibi wa watu arudi darasani.

Jumamosi tukaenda. Njiani nilipanga hotuba ndefu ya kuomba radhi, yenye utangulizi. Bi Somoe tukamkuta mlangoni pa banda lake, mwanamke wa miraba minne, miwani imefungwa kwa uzi, sinia la ming'oko mapajani. Ndani runinga nne zinawaka na vijana wanapiga kelele kama uwanjani.

"Shikamoo, Bi Somoe," ukasema.

"Marahaba, bingwa wangu!" Akakukumbatia, kisha akanitazama juu ya miwani. "Na huyu?"

"Mama yangu."

"Aaa," akasema. "Mkubwa."

Neno lile lilinichoma kuliko tusi. Nikaanza, "Dada yangu, nimekuja kukuomba—"

"Kaa kwanza. Radhi haiombwi na mtu aliyesimama. Kula ming'oko."

Nikakaa, nikala. Kumenya mng'oko huku unaona aibu ni kazi, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Alipoona nimekula miwili akasema, "Sasa sema."

Nikasema. Hotuba yote ilipotea, nikasema tu kwamba niliandika maneno ya kudharau, kwamba sikuisoma orodha, na kwamba nilidhani ni mtoto.

Bi Somoe akacheka mpaka miwani ikaruka. "Mimi niliishia darasa la saba. Uliponiambia rudi darasani nikajiuliza, huyu mama wa mtandaoni amejuaje?" Kisha akaacha kucheka. "Nikwambie kwa nini niliandika? Matokeo ya mtihani yakitoka, watu hutafuta jina. Hawa wangu unaowasikia humo ndani, wengi majina yao hayakutoka mahali popote. Nina madaftari ya washindi tangu nilipofungua banda. Nikasema, ngoja niyaweke mahali ambapo mtu akitafuta jina lake, litatoka. Miezi minne niliandika, kwa simu, kidole kimoja."

Wewe ulikuwa umeangalia chini.

"Lakini uko sahihi," akaendelea. "Uliponifukuza nilikaa nikazisoma sheria zenu zote. Sina chanzo. Chanzo ni mimi. Haifai." Alisema hivyo kama mtu anayesema leo ni Jumamosi, bila kinyongo. "Sasa na mimi, kwa kuwa nimerudi darasani, niulize swali. Ile orodha ya mabingwa wa bao wa Kilwa, kaandika nani?"

Hapa ndipo inapoanza ile nusu usiyoijua. Wewe wakati huo kijana mmoja alikuita ndani ukamwonyeshe namna ya kupiga kona, ukaenda. Hukusikia yaliyofuata, na mimi sikukusimulia.

"Niliandika mimi," nikasema.

"Chanzo?"

Nikachukua mng'oko mwingine.

"Wa kwanza juu ni Mzee Selemani wa Kivinje. Baba yako?"

"Ndiye."

"Mungu amrehemu. Niliiona zamani ile orodha. Nilipokuwa nabishaniwa kule kwenu ningeweza kuitaja, sikuitaja. Baba wa mtu ni baba wa mtu." Akamenya mng'oko, akanipa. "Ila mjomba wangu Kasiani, mkulima wa Kipatimu, aliteremka Kivinje akamfunga baba yako mchana kweupe. Tena mara mbili. Mle hayumo."

Zuhura, nilikuwa najua.

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka yule mtu, miguu yake ina vumbi jekundu la milimani, rozari shingoni, ameleta magunia mawili ya machungwa kuuza. Akaona watu wanacheza bao barazani kwa babu yako, akaomba nafasi. Wakamcheka kidogo, kwa heshima, unajua watu wa pwani wanavyocheka. Mkono wa kwanza akaila nyumba ya babu yako, lile shimo ambalo mchezaji hulinda kete zake nyingi, akazoa zote. Mkono wa pili vilevile. Babu yako alirudi ndani akasema ameshiba, na alikuwa hajala. Akalala ameelekea ukutani. Asubuhi aliniamsha mapema, akanipa birika na vitumbua, akasema, "Mpelekee bingwa chai kabla hajaondoka." Nikauliza bingwa gani. Akasema, "Yule wa milimani. Bingwa ni nani mwingine?"

Babu yako mwenyewe alimwita bingwa. Nilibeba lile birika kwa mikono yangu hii. Na miaka mingi baadaye, babu yako alipofariki, wiki moja baada ya arobaini, nilikaa mbele ya kompyuta nikaandika orodha ya mabingwa wa bao wa Kilwa. Nikamweka yeye juu, na yule wa milimani nikamwacha nje. Sikusahau. Nilifika mahali pake, nikamkumbuka, nikapita. Kwenye chanzo nikaandika "wazee wa Kivinje." Hakuna aliyeniuliza wazee gani, maana mimi ndiye niliyekuwa nawauliza wengine.

Nilikuwa nimefiwa, hiyo ni kweli, na mtu aliyefiwa hufanya mengi. Lakini msiba ule uliisha na orodha ikaendelea kukaa pale, nami nikiwafuta watu wengine kila wiki kwa kosa lile lile.

Nikamwambia Bi Somoe yote, pamoja na birika. Alisikiliza mpaka mwisho. "Alimpelekea chai," akasema. "Mjomba hakunisimulia hiyo ya chai. Alisimulia tu kwamba alishinda. Wanaume." Tukacheka sote wawili, mimi huku machozi yananitoka, mpaka ukachungulia mlangoni ukauliza kuna nini. Nikakwambia ni moshi. Moshi wa wapi, hukuuliza. Ukanishika mkono ukaniingiza ndani, ukanipa pedi nikaishika kichwa chini, ukanifunga tisa bila, na vijana wote wakaimba "Mama Masijala! Mama Masijala!" kila ukinifunga. Sijawahi kushangiliwa vile kwa kushindwa. Tulipoaga, Bi Somoe akatoa kombe lako kabatini, lilikaa kwake muda wote kwa kuwa hukuweza kulileta nyumbani. Akasema, "Mchukulie mtoto wako, kabati langu limechoka." Ndipo likaja kukaa pale juu ya friji, ambapo baba yako analifuta vumbi zaidi ya anavyofuta baiskeli yake.

Jumatatu nikaipeleka orodha yangu mwenyewe kwenye ukurasa wa majadiliano. Niliandika: "Ifutwe. Haina chanzo. Mwandishi ni binti wa aliyetajwa wa kwanza, na ameacha jina alilolijua. Mwandishi ni mimi."

Wa Unguja akaandika: "Bi Masijala, akaunti yako imeibiwa?" Wa Bukavu akasema ibaki. Wa Nairobi akasema ifutwe, akanipa pole ya marehemu, na pole ile ilikuwa ya kweli. Siku ya tatu akatokea mtu ambaye hakuwa ameandika neno humo tangu nilipomfukuza. Pedi Mbili.

"Ibaki. Ila Mzee Kasiani wa Kipatimu awekwe juu."

Nikamwuliza, mbele ya wote: "Kasiani ana chanzo?"

Akajibu: "Wewe."

Nilicheka mpaka bosi akatoka ofisini kwake kutazama nani amefariki au ameolewa.

Siku saba zikaisha. Wenzangu walisema watanisitiri, abonyeze mwingine. Nikakataa, nikabonyeza mwenyewe, na jina la babu yako likaondoka. Nilikaa nimeutazama ule ukurasa mtupu kwa muda. Baba yangu na binti yangu, wote wawili nimewatoa kwenye kamusi elezo kwa mkono wangu. Na wote wawili ni mabingwa, na wote wawili hawakuwa na chanzo. Sioni kwamba nilikosea kuwatoa. Hili bado linanishangaza. Orodha ya Bi Somoe haikustahili kuwemo, mimi nilikuwa sahihi tangu mstari wa kwanza, na bado nilimkosea sana. Usahihi wangu ndio ulionificha nisijione. Kama ningekuwa nimekosea sheria, mtu angenisahihisha siku ile ile.

Yaliyofuata uliyafanya wewe, na sidhani nilikushukuru vya kutosha. Ni wewe uliyemwambia Bi Somoe kwamba orodha haiingii lakini banda la gemu lenyewe, kama jambo la nchi yetu, magazeti yameliandika. Mkakaa mchana kutwa mnatafuta magazeti hayo, mkaandika ukurasa mmoja mfupi, safi, kila sentensi na chanzo chake. Upo mpaka leo, na picha ya banda lake, ming'oko inaonekana pembeni. Orodha yake ya washindi ukamtengenezea tovuti yake ndogo ambapo haombwi chanzo na mtu. Juzi kijana mmoja wa Mtwara alitafuta jina lake akalikuta. Bi Somoe alinipigia simu kuniambia hilo kabla hajasalimia. Na kwenye tovuti hiyo hiyo, chini, kuna orodha ya bao. Mzee Kasiani yuko juu. Wa pili ni babu yako, na pembeni ya jina lake tumeandika, "alimpelekea mshindi chai."

Huko chuoni Mwanza unakokwenda watu watakupa ufunguo wa kitu fulani. Wewe ni mtu wa kupewa funguo, nimekuona. Itakuwa ya stoo, au ya mfumo wa kompyuta, au utakuwa kiongozi wa kikundi mnachoamua kazi ya nani ipite na ya nani irudi. Sina la kukufundisha hapo ambalo hukunifundisha wewe mezani kwa swali moja. Ulikuwa na njaa, ulikuwa na haki ya kunikasirikia kwa mambo kumi, ukaniuliza kama nimesoma mpaka chini. Ukifika siku ambayo utaona huna haja ya kusoma mpaka chini kwa sababu unaijua sheria, nipigie simu. Nitakusimulia upya habari za ng'ombe, na utacheka, na utarudi kusoma.

Nimalizie na ya wiki hii, maana huijui.

Jumanne asubuhi imekuja orodha mpya, kutoka kwa mtu wa Nyangamara: michezo ya watoto ya Wamwera, kumi na moja, haina chanzo hata cha kusingizia. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika "Ifu". Nikarudi nyuma nikafuta herufi tatu zile. Nikaisoma yote. Nikaandika: "Karibu sana. Nimeisoma mpaka mwisho. Mchezo wa tatu sikuuelewa. Umeyapata wapi haya?"

Jibu halikuchukua dakika tano. "Kwa bibi yangu. Yuko hapa anamenya mihogo. Anasema mwambie huyo mama aje, wa tatu hauelezwi, unarukwa."

Bibi si chanzo, na sitashangaa orodha hiyo nayo ikaondoka. Lakini nimempigia Bi Somoe, naye amekubali twende pamoja, yeye na daftari, mimi na miguu. Jumamosi, wewe ukiwa umeshapata kitanda chako Mwanza, mimi nitakuwa Nyangamara uani kwa watu, naruka. Nimeshanunua raba. Nimezificha chini ya kitanda, baba yako asizione kabla sijazijaribu.

Nakupenda, na nimekusoma mpaka chini,

Mama yako